Miaka mingi nilidhani mume wangu amenuna, kumbe alikuwa anapumzika (uzi mrefu)

Habari za jioni wakuu. Naandika kutoka Mwanza. Nyumbani ni Kitangiri, kazini ni mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa, nauza dagaa. Juzi dada mmoja alileta uzi hapa akilia kwamba mume wake akirudi kazini haongei. Majibu yote aliyopewa ukiyachuja yanabaki mawili: ana mchepuko, au amekuchoka. Nimekosa usingizi, kwa sababu na mimi niliambiwa hivyo hivyo na watu wanaonipenda, na nusura ndoa yangu ivunjike. Kwa hiyo nitaeleza ya kwetu yote, mwenye kufaidika afaidike.

Mimi ni mtu wa watu. Nimekulia Kisesa, jirani na Bujora, ambako kila Juni tulikuwa na Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Makundi mawili, Bagika na Bagalu, wanashindana kucheza, na anayeshinda si anayecheza vizuri peke yake, ni yule aliyevuta umati mkubwa upande wake. Mimi nimelelewa katika umati huo. Nikishinda peke yangu kutwa nzima nachoka kuliko nikipakua magunia. Saa kumi na moja alfajiri nikifika mwaloni, nikasalimiana na watu ishirini, nikabishana bei na wateja wa Kongo na Burundi, ndiyo kwanza naamka.

Mume wangu ni fundi mitumbwi, anafanyia kazi Igombe. Siku nzima yuko na randa, mbao na pamba ya kuzibia mianya. Anaongea, tena akikaa na rafiki yake mmoja wa tangu utoto wanaweza kuzungumza mpaka taa za jirani zizimwe zote. Ila ukimweka kwenye watu thelathini, baada ya saa moja unamwona usoni kabisa kwamba ameisha. Kwao ni Ukerewe, lakini tafadhali msiligeuze hili kuwa la makabila. Baba yangu mzazi, Msukuma kamili, alikuwa anapeleka ng'ombe machungani asubuhi na kurudi jioni bila kuzungumza na binadamu, na siku hizo ndizo alizokuwa anarudi na uso uliotulia.

Tumeoana mwaka 2008. Ugomvi wetu ulikuwa na majira yake, na ilinichukua miaka kuliona hilo. Wanaojua dagaa wanajua kwamba wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, na mwaloni mzigo unapungua. Siku hizo nilikuwa nashinda nyumbani bila watu. Jioni mume akiingia mlangoni, namvaa. Habari za kazi, nani kaja, tajiri kalipa, jirani kasema nini, mbona hujibu, una nini na mimi? Yeye anajibu neno moja, anachukua kigoda, anakwenda kukaa nyuma ya nyumba. Sisi tumejenga mlimani, nyuma kuna jiwe kubwa, ukipanda unaliona ziwa. Pale juu ndipo alipokuwa anakwenda, na mimi nilikuwa nahesabu kila dakika anayokaa kule kama tusi.

Sasa niwaeleze mambo mawili yaliyotuumiza zaidi.

La kwanza ni la mwaka 2017. Alikuwa anatimiza miaka 40 na mimi nikataka kumpa heshima. Nilicheza upatu miezi mitano kwa ajili ya siku hiyo. Nikakodi viti, spika na mshereheshaji, nikaita majirani, wanakwaya, ndugu zake na mafundi wenzake wa Igombe. Kwa siri. Aliposhuka kwenye daladala ana vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, watu zaidi ya sitini wakampigia vigelegele. Alishukuru. Akakata keki, akalisha watu, akacheza wimbo mmoja na mimi. Saa mbili usiku nikageuka, hayupo. Nikamkuta juu ya jiwe.

Nililia mbele za watu. Wifi yangu, kwa nia njema kabisa, akaniambia mwanaume anayekimbia sherehe yake ana sherehe nyingine mahali. Nikaanza kupekua simu yake. Tulikaa wiki tatu tukipishana ndani kama wapangaji.

La pili ni la mwaka 2019, nilipojifungua mtoto wa tatu kwa upasuaji. Daktari alisema nipumzike. Mume wangu akachukua likizo ya kujipa mwenyewe, akapika uji, akafua nepi, akawapeleka wakubwa kwa mama yake Nansio kwa meli. Na kila mgeni aliyekuja akamwambia getini kwa adabu, "Mwacheni kwanza apumzike." Mashoga zangu wa mwaloni walirudi na vitenge vyao na sabuni zao. Nikabaki kwenye chumba kimya, mtoto analala, saa inagonga. Wiki tatu. Nilikuwa nakufa ndani kwa ndani, ndugu zangu. Nilifikiri ananionea aibu, au amekasirika nimezaa kwa kisu. Nilikuwa nasikia sauti za watu njiani na machozi yananitoka.

Mwaka 2022 binti wa dada yangu alikuja kukaa kwetu likizo. Anasomea ualimu chuo kikuu pale Malimbe na wana somo la saikolojia. Siku moja namlalamikia kuhusu baba yake mdogo, akaniuliza swali: "Mama mdogo, wewe ukitaka kumfurahisha mtu sana, unampa nini?" Nikasema namkusanyia watu. "Na baba mdogo?" Nikakaa kimya. Nikaona sherehe ile na chumba kile vikiwa pamoja mbele yangu. Mimi nilimpa kile ambacho ningetamani kupewa mimi. Na yeye alinipa kilicho bora kuliko vyote anavyovijua duniani, utulivu, akausimamia getini kama askari. Wote wawili tulitoa kwa moyo mweupe, na wote wawili tulimuumiza tuliyempa.

Huyu binti ndiye aliyenifundisha yanayofuata. Vijana wanasema introvati na ekstrovati. Mimi nitasema mkimya na mchangamfu, ingawa "mkimya" haitoshi, maana nimeshasema mume wangu na rafiki yake hawana ukimya wowote.

Maneno haya yalienezwa na Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, mwaka 1921. Alitazama nguvu ya mtu inaelekea wapi, nje kwenye watu na matukio, au ndani kwenye mawazo yake. Hakuna aliyeko upande mmoja tu, na watafiti wa leo wanalichukulia kama mstari mrefu ambao watu wengi wako katikati yake. Baadaye Hans Eysenck, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Uingereza, akaandika mwaka 1967 kwamba tofauti iko kwenye uamsho wa ubongo. Ubongo wa mkimya uko macho zaidi hata kabla hajafanyiwa lolote, kwa hiyo kelele na watu humjaza mapema. Wa mchangamfu uko chini, unatafuta vitu vya kuuamsha. Kuna jaribio la kudondoshea watu maji ya limau ulimini, na wakimya walitoa mate mengi zaidi. Waliokuja baadaye wameongeza habari ya dopamini, kemikali ya ubongo, kwamba ubongo wa mchangamfu unasisimkia zaidi zawadi na mambo mapya, kwa hiyo maelezo ya Eysenck hayamalizi yote. Lakini mimi yalinitosha kuacha kupekua simu.

Usiku ule nikamweleza mume wangu. Alisikiliza hadi mwisho, kama kawaida yake, halafu akasema kwa lugha ya kazi yake: "Mtumbwi mtupu ukiuingiza ziwani unayumba, unataka mzigo ndiyo utulie. Uliojaa, ukiongeza gunia moja unazama. Na mbao ni zile zile." Kisha akaniuliza, "Siku zile za uzazi, ulikuwa unayumba?" Nikamwambia ndiyo. Akashika kichwa. Akaniomba msamaha kwa kosa la miaka mitatu nyuma ambalo hata mimi nilikuwa sijajua kulitaja.

Tulichobadilisha si kikubwa. Akirudi, namsalimia, namwekea maji ya kuoga, basi. Ana kofia yake ya kazini. Ikiwa bado kichwani, simsemeshi la maana. Akiitundika kwenye msumari pale mlangoni, amerudi kweli. Mara nyingi haizidi nusu saa, na nusu saa hiyo imetupa mazungumzo mengi kuliko miaka yote niliyokuwa namfuata hadi juu ya jiwe. Na mimi nina Jumamosi yangu. Nikienda kikoba nakaa na wenzangu mpaka jua lizame, hanipigii simu kuuliza mbona sirudi. Siku za mbalamwezi, mzigo ukipungua, yeye mwenyewe ananiambia nenda Kisesa kwa dada yako, utakauka humu ndani.

Harusini tunakwenda pamoja. Anakaa ibada yote, anatoa zawadi, anasalimia wazee, na kabla mshereheshaji hajapamba moto anaondoka. Mimi nabaki kucheza. Watu waliongea mwanzoni.

Kwenye msiba nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo wakimya wengi wanapohukumiwa vibaya. Kwetu usipoonekana msibani umejitenga na jamii, na mimi sitamtetea mtu wa kutokwenda. Lakini kwenda si lazima kuwe kukaa chini ya turubai na kuongea siku tatu. Mume wangu anafika wa kwanza. Anafunga turubai, anachota maji, anakata kuni, anakwenda kuchimba kaburi. Usiku, wengi wakishalala, yeye ndiye anayekaa na mfiwa mwanaume pale motoni, wawili tu. Mwaka jana jirani aliyefiwa na mkewe aliniambia watu walimpa pole mpaka akawa hasikii tena, ila hasahau aliyekaa naye usiku ule bila kumuuliza kitu.

Watoto sasa, ambao ndio hasa wamenifanya niandike.

Wa kati wangu ni kama baba yake. Alipokuwa wa miezi minne, pikipiki ikipita au mgeni akimwinamia alikuwa anarusha miguu na kulia, na kila mtu alisema huyu atakuwa mkorofi. Yule binti wa dada yangu akanieleza habari za Jerome Kagan, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, aliyewaonyesha vitu vigeni watoto wa umri huo huo wa miezi minne. Karibu mmoja kati ya watano alirusha viungo na kulia sana, na alipowafuatilia miaka mingi, hao ndio waliokuwa na mwelekeo wa kuwa waangalifu na wapole. Si wote, lakini mwelekeo ulikuwepo. Kumbe mwanangu alikuwa ananiambia tangu yuko mgongoni.

Shuleni kwake, ripoti tatu mfululizo ziliandikwa "hashiriki". Mwalimu mmoja alikuwa anamsimamisha mbele ya darasa la watoto zaidi ya 80 na kumwita bubu mpaka aseme. Mtoto akaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu. Nilikwenda shuleni na hasira, lakini nashukuru nilimkuta mwalimu mwingine nikaongea naye kwa utulivu. Nilimwomba mambo madogo: ampe swali mapema aliandae, amwache ajibu kwanza na mwenzake wa dawati, halafu ndiyo darasani. Neno bubu likome. Muhula uliofuata alisoma habari mbele ya wenzake mstarini, kwa sauti ndogo, lakini aliisoma yote. Sikumwambia amebadilika. Nilimwambia nimemsikia vizuri.

Binti yangu mkubwa ni mimi kabisa. Yeye anaitwa kiherehere, mdomo, hatapata mume. Mtoto wa kiume akichangamka ni kiongozi, wa kike ni mdomo, na hili linaniuma. Sasa anasoma matangazo kanisani, na likizo tunakwenda wote mwaloni. Anajua wateja wangu kwa majina kuliko mimi.

NIMERUDI. Naona mmechangia sana, nijibu machache.

Aliyesema haya ni mambo ya Wazungu na mume wangu ni mbinafsi tu. Kaka, Kiswahili kilikuwa na mpole, mkimya, mcheshi na mchangamfu kabla sisi hatujazaliwa. Bibi zetu walizijua tabia hizi. Ila una hoja moja ambayo naikubali: ukimya usiwe kichaka. Mtu asiyesalimia wakwe, asiyesema mshahara umekwenda wapi, anayeacha kuongea na mkewe siku nne ili amwadhibu, huyo hapumziki. Mimi natofautisha hivi: anayepumzika hahitaji umwone, na akimaliza anarudi kwako. Aliyenuna anataka umwone, na anakaa akikusubiri uumie.

Aliyeuliza kama ni aibu. Hapana, ni vitu viwili. Mwenye aibu anatamani kwenda lakini anaogopa watu watamwonaje. Mkimya haogopi, amepima tu akaona anapenda kingine. Mume wangu aligombana na tajiri wa boti mbele ya mwalo mzima kwa sababu ya malipo ya vijana wake, bila kutetemeka. Na mimi mchangamfu nikiambiwa niimbe peke yangu kanisani, magoti yanagongana.

Aliyeuliza kama mtu anaweza kubadilika. Utafiti wa mapacha unaonyesha karibu nusu ya tofauti hii baina ya watu inatokana na urithi, kwa hiyo kuna nafasi pia ya malezi na maisha. Mtu anaweza kuchangamka kazini siku nzima kwa jambo analolipenda, lakini apewe mahali pa kupumzika baadaye. Na usidhani biashara ni ya wenye maneno tu. Mtafiti Adam Grant wa Marekani aliandika mwaka 2013 kwamba kati ya wauzaji aliowachunguza, waliouza zaidi ni wale wa katikati, si wachangamfu kupindukia. Nimeliona mwaloni. Jirani yangu wa meza ya pili haiti mteja, lakini anasikiliza mteja anataka dagaa wa wapi, wakavu kiasi gani, wa kupeleka umbali gani. Wateja wake hawamhami. Mimi nilikuwa naongea juu yao hadi wanasahau walichofuata, na nimejifunza kwake kunyamaza.

Kijana wa gheto Nyegezi unayeishi na mwenzako mpenda wageni: kaeni chini mpange siku, mfano wageni Ijumaa na Jumamosi, siku nyingine saa tatu usiku mlango umefungwa. Usimwambie ana kelele. Mwambie wewe unahitaji nini.

Na dada uliyeandika kwamba mdogo wako alikuwa mchangamfu sana na tangu Januari haongei, hali vizuri, hatoki: tafadhali usichukue huu uzi ukasema amekuwa mkimya. Tabia haigeuki hivyo ghafla. Hiyo inaweza kuwa sonona, mpelekeni hospitali wiki hii, na asiachwe peke yake.

La mwisho. Wengi mmeuliza kama mwenyewe anajua nimeandika. Nilimwomba ruhusa, na jana alisoma yote kwenye simu yangu, kofia ikiwa msumarini. Akanirudishia simu akasema kuna mahali nimekosea, pale kwenye sherehe ya keki. Nikadhani anataka nifute. Akasema, "Umeandika nilikimbia. Sikukimbia. Nilipanda pale juu kwa sababu kule chini sikuwa nasikia kitu. Juu nilikuwa nakusikia wewe unavyocheka, peke yako kati ya wote. Nilikaa nikikusikiliza."

Miaka minane sikuwahi kumuuliza. Nitarudi kesho baada ya mwaloni kuwajibu walioandika kuhusu watoto.